Nimenunua "Black Star harusini 1974", ndani kuna mlio wa simu. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

#1 Mwana wa Barabara ya Kumi
Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikuwa Ngamiani hapa Tanga, nikapita kwa jamaa mmoja anayejaza watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Kumbe chini ya meza ana biashara nyingine: taarabu zilizorekodiwa ukumbini na harusini, ambazo dukani hazijawahi kufika. Kanda zenyewe kaziweka kwenye boksi la sabuni, yeye anauza faili. Nikachukua moja ya saa 1 na dakika 28, imeandikwa "Black Star, harusini, Ngamiani, 1974", yaani kile kikundi cha taarabu cha Tanga. Shilingi 30,000. Najua, najua, msinicheke bado.

Muziki ni mtamu, hilo siwafichi. Gitaa linalia, besi inatembea, mama anaimba, vigelegele, watoto wanagombana, jogoo anawika. Ila dakika ya 41 unaingia ule mlio wa "tititi tititi tititi bzzzz", ambao spika hutoa simu ikiwa jirani na inataka kuita. Mwaka 1974!

Nimempigia muuzaji, kanijibu "hiyo ni sauti ya chombo". Chombo gani? Naombeni wanaojua mambo haya. Ni kanda ya kweli au nimepigwa? Na hela yangu naidai?

#2 Mgosi wa Lushoto
Bwana harusi alikuwa anapigiwa na mke wa pili wa mwaka 2010. Simu za zamani zilikuwa na nguvu mgosi.

#3 Waja Leo
Nimekaa pale na kahawa yangu na kashata. Endeleeni.

#4 Fundi Spika
Mtoa mada, usikimbilie kudai hela. Mlio huo hauna maana kwamba harusi ilikuwa na simu. Aliyehamisha kanda kwenda kwenye kompyuta aliweka simu yake juu ya meza, karibu na waya. Waya mbovu usiofunikwa vizuri hudaka kila kitu. Nimehamisha kanda za watu miaka mingi, kosa hilo nimelifanya mwenyewe, tena kwenye kanda ya kaswida ya mzee mmoja. Alinikalia kimya mwezi mzima.

Nijibu hili: kwenye dakika ya 44 hivi, wimbo unakatika? Saa 1 na dakika 28 inanukia kanda ya C90, dakika 45 kila upande.

#5 Mwana wa Barabara ya Kumi
Fundi, umejuaje? Dakika ya 43 na sekunde 50 wimbo unakatwa katikati ya neno, halafu unaanza mwingine ukiwa umeshafika mbali.

#6 Fundi Spika
Basi hapo mtu aligeuza kanda. Alichelewa kidogo, labda alikuwa anakula pilau. Angalau ujue kulikuwa na kaseti ya kweli mahali fulani. Mwaka gani, hilo ni neno jingine.

#7 Mzee wa Gahawa
Wanangu, mimi 1974 nilikuwa na miaka 19 na nilikuwa napenda hayo mambo kupita kiasi. Niwaambie kitu. Kaseti ilikuwapo duniani tangu 1963, Philips waliitoa, lakini Tanga hii mwaka huo mwenye redio kaseti alikuwa baharia au bwana mkubwa. Wengine tulisikia santuri, au tulisubiri kipindi cha redio. Mwenye mashine ya kurekodi alikuwa na ile ya rili kubwa mbili, ukiibeba kwenda harusini unahitaji mkokoteni.

Vikundi vikitaka kurekodi vizuri vilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki hukohuko. Ndiyo maktaba ambayo leo iko TBC. Nadhani kijana wako amechukua nyimbo zilizorekodiwa redioni, akabandika vigelegele juu. Nimeshakutana na kanda za namna hiyo, vigelegele vilevile vinarudi kila baada ya dakika tatu kama saa ya ukutani.

#8 Waja Leo
Mzee shikamoo. Na jogoo naye alibandikwa?

#9 Mzee wa Gahawa
Marahaba. Jogoo sina jibu lake. Studio ya redio sikuwahi kusikia wanafuga kuku.

#10 Mvita Asilia
Watani wa Tanga hamjambo. Mwahangaika bure, hayo kwetu Mombasa ni mambo ya kawaida. Harusi ilikuwa ndiyo studio. Kanda nyingi za marehemu Juma Bhalo zinazopendwa hadi leo ni za harusini, wasikia watu, wasikia vikombe. Mwenye mashine alikuwa akija na waya wake, achomeka kwenye mikisa ya chombo, usiku kucha abadilisha kanda, asubuhi dukani watu wamepanga foleni wanadabiwa. Mwimbaji ajua, mwenye harusi ajua. Hakuna aliyeita wizi.

Kama sauti ya mama yaja mbele kuliko ya watu, ilirekodiwa kwenye mikisa. Kama watu wako mbele na mama yuko nyuma, ni mtu alishika redio mapajani. Yako ni ipi?

#11 Mwana wa Barabara ya Kumi
Ya mapajani, kaka. Kuna bibi anakohoa hapo karibu kabisa, namfahamu kikohozi chake sasa kuliko cha mke wangu.

#12 Kiungo wa Mkwakwani
Mvita usitufundishe taarabu. Gitaa la umeme na besi kwenye taarabu ya pwani mlijifunza kwa Black Star wa Tanga. Msitufanye tusahau.

#13 Mvita Asilia
Sijakataa. Lakini mlipotaka kuzisikia santuri mlizifuata Kenya, huo pia usisahau.

#14 Njia za Panya
Hapo Mvita ana pointi na mimi nina ushahidi wa nyumbani. Mpaka wa Kenya ulipofungwa 1977 hadi 1983, marehemu mjomba wangu alikuwa akivusha kanda kwa ngalawa, anapita upande wa Vanga. Anakwenda na kanda zilizorekodiwa kwenye harusi za Tanga, anarudi na kanda tupu, sabuni na mafuta ya nywele. Alikuwa akisema kanda moja nzuri ya harusi inalipa kuliko kilo za kamba. Kwa hiyo naungana na #10 lakini kwa mlango mwingine: kanda hii inaweza kuwa ya Tanga, ikaenda Mombasa, ikadabiwa, ikarudi. Kila ilikopita ikapata jina jipya na mwaka mpya. Mjomba mwenyewe aliandika "mpya kabisa" kwenye kanda za miaka mitano nyuma.

#15 Mgosi wa Lushoto
Mjomba alikuwa msafirishaji wa kimataifa.

#16 Hakimu wa Kijiweni
Mnazungumzia ukweli wa kanda, hamzungumzii uhalali. Mtoa mada umeuliza hela yako. Kwanza jiulize kama muuzaji alikuwa na haki ya kuuza.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwimbaji na mpigaji haki ya kuruhusu au kukataa onyesho lake kurekodiwa. Hiyo ndiyo hakishiriki. Mtunzi naye ana yake, inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kabla ya hapo kulikuwa na sheria ya 1966, ambayo iliwaangalia zaidi watunzi. Kwa hiyo hata kama 1974 hakuna aliyekatazwa kushika redio mapajani, anayeuza leo anauza jasho la watu ambao warithi wao wapo, pengine wanapita mbele ya meza yake wakienda sokoni.

#17 Kiungo wa Mkwakwani
Swali kwa Hakimu. Bwana harusi alikilipa kikundi, akapika pilau, akafunga turubai. Kanda ya harusi yake si mali yake?

#18 Hakimu wa Kijiweni
Alilipia waimbe, hakununua nyimbo. Ukimlipa mshonaji kanzu, cherehani inabaki kwake.

#19 Kiungo wa Mkwakwani
Lakini kanzu ni yangu, Hakimu! Umejifunga goli mwenyewe.

#20 Waja Leo
😂😂 Kahawa imenimwagikia.

#21 Binti Makorora
Mimi nina kisa na hakichekeshi sana. Mwanzoni mwa miaka ya 90 mama yangu alikuwa kwenye shughuli ya wanawake watupu, ndani ya ua, wanaume hawaruhusiwi hata kupita. Waliimba, wakacheza, wakasemana kwa mafumbo kama ilivyo ada. Mtu aliingiza redio kaseti ndani ya kikapu cha khanga. Baada ya miezi mitatu kanda inapigwa kwenye daladala! Mama anasikika anamtaja jirani kwa jina na kusema aliyosema. Walikaa miaka minane hawapeani mkono, na nyumba zimetazamana.

Nanyi mkisema "kanda adimu ya harusi", mimi naona kikapu kile. Kwenye video za baikoko, ile ngoma ya kina mama, ni vilevile, tena mbaya zaidi kwa sababu uso unaonekana. Dada anacheza uani kwa watu wake, kesho yake yuko kwenye simu ya fundi baiskeli.

#22 Mzee wa Gahawa
Pole mwanangu. Hilo la kikapu nililisikia kwa nyumba nyingine pia. Ilikuwa mchezo.

#23 Muuza Flashi
Nimeingia kwa kuwa nauza vitu hivihivi. Si mimi niliyemuuzia mtoa mada, lakini nitasema upande wetu maana mnatuita wezi na bado mnatupigia saa 5 usiku kuulizia "ipo ile ya zamani?"

Kanda ninazopokea zinatoka makabatini. Mzee amefariki, watoto wanafagia chumba, boksi linakwenda jalalani. Hewa ya Tanga mnaijua, chumvi na joto. Kanda inaota ukungu mweupe pembeni. Nafungua skrubu tano, nahamishia kwenye ganda jingine, nasafisha hedi kwa spiriti kila baada ya upande mmoja, kanda ikimezwa naitoa kwa kijiti. Kanda moja inaweza kunila siku nzima. Hiyo 30,000 hamlipii wimbo, mnalipia siku yangu. Nisingekuwapo, jogoo wenu angekuwa majivu.

Na Hakimu, kwa kuwa unazungumzia sheria: 2013 stempu za kodi zilipoanza kubandikwa kwenye CD na DVD za muziki na filamu, wenzetu wengi waliokuwa wakichoma CD walifunga. Sisi tukahamia kwenye flashi. Flashi haina kava, stempu ungeibandika wapi?

#24 Hakimu wa Kijiweni
Umekiri mwenyewe mbele ya umma. Sina swali jingine.

#25 Binti Makorora
Muuza Flashi, kazi yako ya kuokoa nimeielewa. Je, umewahi kumtafuta hata mwimbaji mmoja ukampa chochote?

#26 Muuza Flashi
Mmoja. Nilimpelekea nakala bure, na 20,000. Akaniuliza nimeipata wapi, nikamwambia. Akasema aliyerekodi alimwahidi soda. Hela akapokea, nakala akaniambia niipeleke kwa mjukuu wake maana yeye hana cha kupigia.

#27 Mbeba Boksi
Niko Marekani, ngoja niwaambie ya huku. Kulikuwa na bendi inaitwa Grateful Dead. Mashabiki walikuwa wakirekodi maonyesho yao miaka na miaka, na 1984 bendi ikaamua kuwatengea kabisa sehemu ya kukaa na maikrofoni zao ndefu, wanauziwa tiketi zao maalumu. Sharti moja tu: badilishaneni, msiuze. Watu waliandikiana barua, wakatumiana kanda tupu kwa posta, na bendi ikazidi kujaza viwanja. Kwa nini vikundi vyetu visifanye hivyo?

#28 Fundi Spika
Kwa sababu wale waliishi kwa tiketi. Mwimbaji wa harusi Tanga anaishi kwa kutunzwa. Akishasikika bure kwenye kila kibanda cha chipsi, mwenye harusi anasema "si naweka flashi tu". Nimeona kwa macho yangu.

#29 Njia za Panya
Fundi hapo sikubali. Mjomba alisema kinyume. Kanda ikifika Vanga, msimu unaofuata watu wanatuma ujumbe waletewe kikundi chenyewe. Kanda ilikuwa tangazo.

#30 Mwana wa Barabara ya Kumi
Nimerudi na ushahidi mpya. Dakika ya 17 kuna mtu anasema kwa sauti, wimbo ukiendelea: "elfu hiyo, elfu!" Anatunza. Nakumbuka noti ya 1,000 haikuwapo 1974.

#31 Mzee wa Gahawa
Sahihi. Noti kubwa enzi hizo ilikuwa ya 100. Ya 200 ilikuja 1986, ya 500 mwaka 1989, na ya 1,000 mwaka 1990. Mtu kutunza elfu harusini 1974 alikuwa anatunza pikipiki. Basi najirekebisha: si redio iliyobandikwa vigelegele, ni harusi ya kweli, lakini ya miaka ya 90, na nyimbo ni za zamani zinapigwa na wengine.

#32 Kiungo wa Mkwakwani
Au anahesabu jumla! Kwenye harusi kubwa kuna mtu wa kutangaza kilichopatikana. "Elfu hiyo" maana yake mfuko umefika elfu.

#33 Mvita Asilia
Au amesema "el-Fuu". Kuna watu waitwa hivyo? 😄

#34 Fundi Spika
Nina njia ya kupima bila kubishana. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na ule mvumo wa "mmmm" wa amplifaya unaingia kwenye kila kanda. Fungua faili kwenye programu ya kuhariri sauti, tazama mvumo umesimama wapi. Ukisimama 50 peke yake, kanda imenakiliwa vizuri. Ukikuta mvumo wa pili kwenye namba nyingine, kuna nakala ya kati ilipigwa kwa kasi isiyo sawa, betri zimechoka au mpira umelegea.

#35 Mwana wa Barabara ya Kumi
Mpwa wangu amefanya hivyo. Mivumo miwili. Mmoja 50, mwingine 47.

#36 Fundi Spika
Basi imenakiliwa si chini ya mara mbili, na nakala ya kwanza ilikwenda polepole. Mwambie mpwa aongeze kasi kwa asilimia 6. Sauti itapanda karibu nusu hatua. Huyo mama unayemsikia mzito si mzito.

#37 Kiungo wa Mkwakwani
Fundi, sijakuelewa hata neno moja lakini nakuunga mkono.

#38 Jirani wa Pangani
Naomba kupinga kidogo. Umeme wenyewe miaka hiyo haukuwa unasimama 50 kila saa. Baba yangu alikuwa fundi umeme, jioni watu wakiwasha taa saa za ukutani zilikuwa zinachelewa. Hiyo 47 inaweza kuwa umeme wa siku hiyo, si kanda.

#39 Fundi Spika
Kushuka mpaka 47? Mji mzima ungezimika mkuu. Labda kama harusi iliwashiwa jenereta.

#40 Jirani wa Pangani
Sasa wewe ndiye umetaja jenereta. Kazi kwako.

#41 Mwana wa Barabara ya Kumi
Nimeongeza kasi kama alivyosema Fundi. Aisee! Ni mtu mwingine kabisa. Sauti nyembamba, inateleza. Mzee wa Gahawa nimekutumia dakika 5.

#42 Mzee wa Gahawa
Nimesikiliza mara tatu, na mama watoto kasikiliza. Mimi nasema ni Lucky Star, kile kikundi kingine cha taarabu cha hapa Tanga. Yeye anasema si Lucky wala si Black, ni kikundi cha mtaani kinawaiga. Tumelala kila mmoja kageukia kwake.

#43 Mgosi wa Lushoto
Mbona hamtaji bendi za dansi, Atomic wala Jamhuri Jazz? Tanga mnaikumbuka kwa taarabu tu. Akina Kinyonga wa Simba Wanyika walitokea Atomic.

#44 Kiungo wa Mkwakwani
Jamhuri Jazz, mgosi. Wilson na George walipiga Jamhuri, wakaenda Arusha Jazz, ndipo Kenya. Rudi Lushoto ukachume pichi.

#45 Mgosi wa Lushoto
Nimepokea. Pichi mtanunua kwangu lakini.

#46 Mbeba Boksi
Wakuu, kuna kampuni ya muziki ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa Black Star na Lucky Star mwaka 1989. Mtoa mada linganisha sauti na huo.

#47 Muuza Flashi
Nimelinganisha mimi kwa udadisi, kipande alichokiweka. Nyimbo mbili zinafanana, ila hapa gitaa linapiga mbele kidogo na beti ni nyingi. Harusini mwimbaji anarefusha akiona hela zinakuja. Hilo haliwezi kukwambia ni nani anaimba.

#48 Mwana wa Barabara ya Kumi
Leo nimerudi kwa muuzaji. Hela hakurudisha. Amesema kaseti yenyewe anaiuza 150,000 nikitaka uhakika. Nikamwomba niitazame: ganda jeupe, limeandikwa kwa kalamu ya bluu "B. STAR" na kitu kimefutwa. Hakuna mwaka! Mwaka ameuandika yeye. Nilipomuuliza akasema "mteja anapenda mwaka".

#49 Hakimu wa Kijiweni
Sasa hapo una kesi. Alikuambia 1974 naye hajui.

#50 Njia za Panya
B. Star... inaweza kuwa jina la duka. Au la dau. Mjomba alikuwa akiandika jina la chombo kilichobeba.

#51 Binti Makorora
Mwana wa Barabara ya Kumi, najua nilivyosema #21. Naomba nakala. Si ya kusambaza. Mama ana miaka 76, harusi za Ngamiani alizimaliza zote, nimsikilizishe nione.

#52 Waja Leo
Hakimu, umeona? 😂

#53 Hakimu wa Kijiweni
Nimeona. Matumizi ya nyumbani. Naangalia pembeni.

#54 Binti Makorora
Asante, nimeipata. Mama amesikiliza yote, saa nzima na nusu, hakusema kitu, ananyamaza anatikisa kichwa. Mwimbaji hamjui, kasema "hawa watoto". Yule wa kikohozi kasema anafanana na mtu lakini hataji. Kilichomkera ni kitu kingine kabisa. Anasema mmeweka pande kinyume. Zile nyimbo za mwisho wa faili ndizo za kukaribisha wageni, na za mwanzo ni za alfajiri, bibi harusi ameshatolewa, ndiyo maana jogoo anawika.

#55 Fundi Spika
Subirini. Kama upande wa kwanza ni wa pili, basi dakika ya 41 ni mwisho wa kanda, alfajiri, watu wanafunga vyombo. Mtu anaweza kuwa alikuwa na simu mfukoni kweli.

#56 Mzee wa Gahawa
Ndiyo nilivyosema, miaka ya 90.

#57 Jirani wa Pangani
Au miaka ya 2000, na kanda ya mwisho Tanga nzima.

#58 Mwana wa Barabara ya Kumi
Msiandike kwanza. Naanza kuisikiliza upya, kutokea dakika ya 44.